Misumari ya Bandugu

Mimi bati nalijua. Nikisema hivyo mbele ya watu wanaume wanatabasamu, na wanawake wananitazama kama nimetamka neno la aibu, kwa hiyo nimeacha kusema. Lakini karatasi haina uso wa kunicheka. Najua mahali pa kukanyaga nikiwa juu ya paa, najua kutu inaanzia wapi, na najua msumari unapigwa wapi na haupigwi wapi. Hilo la mwisho ndilo lililomtoa mama yangu katika nyumba yake, na mimi nikiwa pale pale, nimeshika sinia.

Aliyenifundisha ni baba. Alikuwa seremala wa reli, mtu wa kaskazini ya Katanga kama mama, na nyumba yetu ya upande wa mto Naviundu aliijenga mwenyewe katika siku zake za mapumziko. Nyuma ya parseli, kiwanja chetu, mikaratusi inateremka hadi mtoni, na ndani ya ua kuna mti wa avoka ambao matawi yake yanalala juu ya paa. Mama alikataa katakata ukatwe. Majani yalidondoka mwaka mzima, yakajaa kwenye mabati, na jani likilowa likakaa, bati linaoza chini yake bila wewe kujua. Kwa hiyo kila mwaka, kiangazi kikikaribia kwisha, baba alipanda kufagia. Kaka yangu alikuwa mtu wa vitabu, tena akipanda hata juu ya kiti kichwa kinamzunguka. Mimi nilikuwa mwepesi. Baba akanipandisha mimi.

Alinifundisha kukanyaga penye misumari tu, maana chini ya misumari ndipo kuna mbao. Akanionyesha kwamba bati, tole kama tunavyosema sisi, lina migongo na matumbo. Mgongo ni pale lilipoinuka, tumbo ni pale lilipobonyea. Baba hakuwa na maneno mengi, lakini haya aliyasema kila mara aliponipa nyundo:

"Musumari ku mugongo, hapana mu tumbo. Mu tumbo njo kwenye mayi inapitaka."

Chini ya kichwa cha kila msumari aliweka kiduara cha mpira, kilichokatwa katika mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli. Kuvikata ilikuwa kazi yangu, kwa mkasi wa mama, na mama akipiga kelele kwamba nauharibu. Nikikosea, msumari ukateleza ukaingia tumboni, baba alicheka mpaka ngazi ikatikisika. "Eh! Unataka mama yako aoge mu kitanda?" Halafu aling'oa msumari, akaziba tundu kwa gudron, yaani lami, na kipande cha kitambaa, akanirudishia nyundo.

Baba alikufa. Miaka michache baadaye ndoa yangu nayo ikafa, nikarudi kwetu na mabegi mawili. Ya ndoa hiyo siyaelezi, hayastahili wino. Mtakachojua ni hiki: mwanamke aliyerudi kwao hana sauti katika ua wa kwao. Anapika, anafua, anakaa mwisho wa benchi. Ningepanda juu ya paa na ufagio, barabara nzima ingesema, aah, sasa tunaelewa kwa nini mume alimchoka. Basi sikupanda. Majani yakalala pale mwaka wa kwanza, wa pili, wa nne. Wengine wangeuita ule uvivu. Ulikuwa woga, na mwenye nao ni mimi.

Mwishoni mwa masika moja upepo wa mchana uling'oa mabati matatu, ukayatupa kwa jirani. Yale yaliyobaki ukiyatazama kutoka ndani uliona mbingu kupitia vitundu, vingi usivyoweza kuhesabu. Kaka akaja kutoka Bel-Air, anakokaa katika nyumba ya ghorofa na mke wake. Akasimama uani, mikono mfukoni, akaangalia juu.

"Mama, utakuya kwangu," akasema. "Nyumba hii imekwisha."

"Nyumba yangu iko muzima," mama akajibu. "Mi nitatoka humu siku moya tu, na siku ile bantu bataniinua."

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho wakapatana hivi: kiangazi chote ni cha mama. Akipata paa, atabaki kwake na kaka hatasema tena. Asipopata, mvua ikirudi na maji yakaingia ndani, kaka atakuja na gari amchukue, kwa sababu kifua cha mama hakikuwa kizuri na daktari alishaonya kuhusu unyevu. Mama akakubali haraka. Aliamini Mungu ana bati mahali fulani.

Na kweli. Katika mtaa wetu Wakatoliki tumegawanyika katika mashirika, vikundi vya majirani wanaosali nyumba kwa nyumba kwa zamu. Shirika letu lilipopata habari, likaamua. Huyu akatoa mabati mawili, yule manne, mwingine misumari, mwingine mbao. Wakapanga Jumamosi moja ya salongo, kazi ya wote pamoja, bila malipo. Mama alilia wiki nzima kwa furaha. Kila aliyepita barabarani aliambiwa, "Bandugu batanipatia paa." Hakusema majirani, hakusema shirika. Alisema bandugu.

Mimi nikakaa chini kukata viduara vya mpira. Nilikata vingi, nikajaza kopo la maziwa, na siku yenyewe nikaliweka mezani kando ya misumari, wazi kabisa, mtu asiseme hakuliona.

Wakaja wanaume kumi na zaidi, na wake zao na masufuria. Mkubwa wa kazi alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, fundi wa malori, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Alikuwa mtu mwema. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwa maana ningependa awe mbaya ili nimtukane vizuri. Alifika wa kwanza, akapanda wa kwanza, akaimba. Mabati ya zamani yakashuka, mbao zikabadilishwa, bati jipya la kwanza likalazwa. Akachukua msumari, mtupu, bila mpira, akauweka katikati ya tumbo la bati, akaupiga mara tatu. Pa! Pa! Pa! Ukazama.

Nilikuwa chini, na sinia la bukari, ugali wetu, mkononi.

Akapiga wa pili. Tumboni. Wa tatu. Tumboni.

"Papa," nikamwita kwa heshima. Sauti ilitoka ndogo. Nikarudia: "Papa, pardon. Baba alikuwa anapigaka ku mugongo. Mu tumbo mayi inapitaka."

Kazi ikasimama. Akaniangalia kutoka juu, bila ubaya, kama unavyomwangalia mtoto aliyeuliza swali la kuchekesha.

"Mama, ku mugongo bati inabonyea, haishike kintu. Mu tumbo njo inalalia mbao, musumari inashika bien. Weye angalia bukari isipoe."

Wakacheka wote. Wanawake jikoni wakacheka zaidi, mmoja akapiga makofi: "Eh, seremala!" Jina hilo lilinikaa miezi. Mimi pia nikacheka, mjinga mimi, nikacheka nao. Nilipogeuka nikakutana na macho ya mama. Alinivuta nyuma ya nyumba, akaninong'oneza kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake.

"Bandugu banatusaidia bure, na weye unataka kubaonyesha kama kazi inabashinda? Usinipatishe haya mbele ya bantu. Nyamaza."

Nikanyamaza. Nikagawa bukari, sombe ya majani ya muhogo na samaki. Nikapita na kinywaji cha munkoyo. Kila nyundo iliposhuka nilijua imeshukia wapi bila kuangalia, kwa sababu tumboni mlio ni mzito, na mgongoni bati linalia. Siku ile halikulia hata mara moja. Kabla ya saa kumi paa lilikuwa limekwisha, linang'aa, na mtu mmoja mwenye kiu alikuwa amemwaga viduara vyangu vyote mchangani apate kopo la kunywea. Wakasimama uani wakasali kwa ajili ya nyumba. Nilisema amina na wengine.

Mvua ya kwanza ilikuja mchana. Mama alitoka nje, akainua uso, akarudi ndani akakaa kwenye kiti cha baba ili asikie vizuri mlio wa paa jipya. Robo saa haikupita. Tone la kwanza lilianguka juu ya goti lake. La pili kwenye redio. Halafu, jamani, kila msumari ukafungua mdomo wake. Haikuwa kama mvua ya zamani, iliyoingia sehemu tunazozijua. Sasa maji yalidondoka kwa mistari, yamepangwa sawasawa, kufuata mbao kutoka ukuta mmoja hadi mwingine.

Tukaweka mabaseni, masufuria, ndoo, mpaka vikombe. Mama akachukua kitambaa, akaanza kukausha redio. Mimi nikamwambia:

"Kesho nitapanda."

"Hautapanda."

"Mama, ni misumari tu! Nang'oa, naziba, napiga ku mugongo. Siku tatu na imekwisha."

"Na yeye akiwa mu parcelle yake anakuangalia? Utamuambia nini? Kama kazi yao ni ya bure, unaivunja mbele ya macho yao?" Akakamua kitambaa alichokuwa akikaushia redio. "Paa ni mpya. Itazoea."

Itazoea! Kama kiatu. Nilitaka kupiga kelele. Lakini kwetu ukipewa kitu na watu unakishika kwa mikono miwili na hukigeuzi kuangalia chini yake, hasa ukiwa mjane unayesali na waliokupa. Kukitengeneza upya ni sawa na kukirudisha. Mama aliogopa aibu kuliko maji, na mimi niliogopa kicheko cha wale wanawake kuliko kifua cha mama. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Ningeweza kupanda wakati mama yuko misa. Hakuna aliyenifunga kamba.

Jirani alipita karibu kila Jumapili kutusalimu. "Mama, sasa munalala sawa?" Na mama, ambaye dakika ile ile alikuwa amesukuma baseni kwa mguu chini ya kitanda, alijibu, "Sawa sana, papa. Mungu abariki mikono yenu." Alikataa hata shirika lije kusali kwetu zamu yetu ilipofika. Alisema anaumwa, na kufikia wakati huo haukuwa uongo. Kitanda kilihama kona hadi kona. Godoro halikukauka. Kikohozi kilianza kavu, kikawa kizito, na asubuhi aliamka ameshika kifua kama amebeba kitu ndani yake.

Jumapili moja mvua ilikuwa inamwagika, kaka akaingia bila kubisha hodi. Alimkuta mama amekaa kitandani, mwavuli mweusi umefunguliwa juu ya kichwa chake, ndani ya nyumba, rozari mkononi. Sijawahi kumwona kaka akilia, na siku ile pia alijigeuza. Kisha akaanza kukusanya nguo.

Mama hakubishana. Makubaliano ni makubaliano. Alipofika kwenye gari, jirani alitokea ukutani na gunia kichwani kujikinga na mvua, akauliza kuna nini. "Naenda kutembea kwa mutoto, papa," mama akasema. "Siku kidogo tu." Akajitahidi kutokohoa mpaka mlango wa gari ulipofungwa. Kupitia kioo nilimwona akiangalia juu, kwenye paa lake linalong'aa.

Nilibaki na mabaseni yangu. Masika yalipokwisha, bati lilipokauka, nilikwenda sokoni Kampemba nikanunua gudron, misumari na nyundo, maana ile ya baba ilipotea siku ya salongo. Nilikuwa na mpango mmoja tu kichwani: nitengeneze, nimrudishe mama kabla ya mvua nyingine. Nikakata viduara upya. Nikavaa suruali ya baba, nikaifunga kiunoni kwa kamba, nikapanda.

Miguu ilikumbuka. Penye msumari, penye mbao. Misumari ilipozidi mia mbili nikaacha kuhesabu. Kila mmoja niling'oa, nikaziba tundu kwa kitambaa na gudron, nikapiga mwingine mgongoni na mpira wake, na bati likalia mlio ule ninaoujua. Nilikuwa nalaani na kuimba kwa wakati mmoja. Siku ya kwanza, kabla ya saa sita, sauti ikatoka ng'ambo ya ukuta.

"Mama! Unafanya nini kule yulu?"

Nilikuwa na msumari wake mkononi, umepinda, na kutu tayari. Maneno yote niliyoyatayarisha kwa mwaka mzima yalikuwa mdomoni. Shika msumari wako, papa. Huu ndio uliomtoa mama yangu. Nilivuta pumzi.

"Nafagia majani, papa."

"Ah, bien! Majani ni mubaya sana ku bati," akasema, akarudi kwenye lori lake. Nikautia msumari mfukoni. Nilijichukia pale juu kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote, hata yule mume.

Siku ya tatu nilikuwa kwenye safu ya mwisho kaka alipoingia uani na mwanamume mmoja aliyevaa vizuri, mtu wa Kasai, mwalimu, anayetafuta nyumba kwa ajili ya mke na watoto. Nikashuka, mikono myeusi kwa gudron. Kaka akashangaa, akapanda mwenyewe nusu ya ngazi, kichwa kikamzunguka, akashuka.

"Kumbe umeitengeneza!" akasema. Alifurahi kweli. Akamgeukia mgeni: "Unaona? Nilikuwa naogopa kukupatia nyumba ya kuingiza mayi. Sasa dada yangu ameimaliza."

Nikamvuta pembeni. Nikamwambia nimeitengeneza kwa ajili ya mama. Akaniangalia kwa huruma, huruma ile ya mtu mwenye funguo. Alisema mama sasa anapumua vizuri, hawezi kumrudisha kwenye nyumba iliyomuua nusu kwa sababu mimi nimepiga misumari. Aliuliza nani atamhakikishia kwamba maji hayataingia tena. Mwezi haukuisha, familia ya mwalimu ikahamia, na mimi nikahamishiwa chumba kidogo kilichoko nyuma ya ua; mama hakuambiwa.

Mvua imerudi sasa. Ya kwanza ilipiga alasiri nzima. Nilisimama mlangoni kwangu nikiangalia maji yakiteremka katika matumbo ya bati, safi, bila kizuizi, yakimwagika chini ya mti wa avoka. Ilipokatika, mke wa mwalimu alitoka na mtoto mgongoni.

"Mama, nyumba yenu iko muzuri," akaniambia. "Mvua yote ile, na hata tone moya haikuingia."

Jumapili iliyofuata nilikwenda Bel-Air. Kwa kaka juu ni zege, hakuna bati, mvua inanyesha usisikie kitu. Mama alikuwa amekaa karibu na dirisha lililofungwa.

"Mvua imechelewa mwaka huu," akaniambia.

"Imeanza, mama. Wiki nzima."

Akachungulia mlangoni. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, mke wa kaka asisikie: "Na mu nyumba? Mayi iko inaingia?"

"Hapana. Hata tone."

Nilidhani ataniuliza nani aliyeitengeneza. Nilikuwa tayari, safari hii nilikuwa tayari kabisa, na ule msumari uliopinda ulikuwa ndani ya mkoba wangu. Lakini uso wake ukafunguka kama siku ile ya salongo. Akapiga goti kwa kiganja.

"Nilikuambiaka! Nilikuambiaka itazoea! Weye ulikuwa unalalamika bure, unatukana kazi ya bandugu. Kazi ya bandugu iko nguvu."

Nikafunga mkoba. Ningemwambia nini? Kwamba zilikuwa siku tatu tu za kazi? Kwamba siku zile tatu nilikuwa nazo mikononi tangu mvua ya kwanza, yeye akiwa bado kitandani kwake?

"Ndiyo, mama," nikasema. "Iko nguvu."

Alikuwa ameshainuka. Alivuta begi lake kutoka chini ya kitanda, akaweka ndani rozari, kitenge cha misa, viatu. Alifunga zipu kwa shida, akaketi tena, begi mapajani, akaniangalia kwa furaha.

"Basi tuende," akasema. "Kama mayi haiingie, mi nabakia hapa juu ya nini?"